Kabla ya kumsaka mzimu, toeni jiko la mkaa chumbani

Swali: Shikamoo daktari. Tangu shule zifungwe mwezi wa sita tuko kijijini kwa wakwe zangu, wilaya ya Mpwapwa. Baba mkwe alifariki mwezi wa tatu, na hii ni likizo ya kwanza bila yeye. Usiku hatulali. Juu ya bati kunasikika kama mtu anatembea, darini kuna kitu kinakoroma, na juzi kitu cheupe kilipita dirishani kimya kabisa. Mtoto wangu wa pili, ana miaka 7, anasema babu huja kukaa mlangoni, na mama mkwe naye nimemsikia akiongea na marehemu. Mimi mwenyewe niliamka usiku nikashindwa kuinua hata kidole, na mtu amenikalia kifuani. Kwa sababu ya baridi tunalala wote chumba cha mama mkwe na jiko la mkaa. Asubuhi vichwa vinatuuma na mdogo anatapika. Mume wangu huja Jumamosi kutoka Dodoma mjini, analala sebuleni, yeye anasikia bati tu. Jirani alitushauri tufunge madirisha yote tufukize ubani. Tumefanya hivyo, mambo yamezidi. Sasa kuna vijana wanachangisha pesa walete lambalamba, wale waganga wa kufichua wachawi, na wanamtaja bibi mmoja wa hapa jirani. Je, nyumba hii ina mzimu? Niondoke na watoto?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nina mengi ya kukueleza, lakini moja halingoji umalize kusoma: usiku wa leo jiko lisilale ndani. Lisiwekwe pembeni, wala mlangoni, wala kwa kuacha dirisha wazi kidogo. Litoke nje kabisa, na chetezo cha ubani kitoke nalo, kisha fungueni madirisha chumba kipate hewa kabla watoto hawajalala. Mengine tutayazungumza kwa utulivu. Hilo ni la uhai.

Sasa nikueleze kwa nini. Barua yako yenyewe imeniambia, ingawa jiko ulilitaja kwa kupita tu. Wanaoumwa kichwa asubuhi ni wanaolala chumba cha mama mkwe. Baba yao analala sebuleni, nyumba ni hiyohiyo, marehemu ni baba yake mzazi, na anachosikia ni bati. Anayetapika ni mdogo kuliko wote. Na mambo yalizidi mlipofunga madirisha na kuongeza makaa ya ubani. Ugonjwa unaofuata chumba, tena unaoongezeka kadiri hewa inavyopungua, unanifanya nitazame kinachowaka humo.

Mkaa unapoungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Watu wengi wanaamini hatari ni moshi, hivyo husubiri mkaa ukolee vizuri nje, moshi uishe, ndipo waingize jiko wakijua wamefanya la busara. Kumbe mkaa mwekundu usio na moshi unaendelea kutoa hewa hiyo kwa wingi, na hata ule uliofunikwa na majivu bado unatoa. Ikivutwa, inashika chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na zikishashikwa hivyo haziwezi kubeba oksijeni inavyotakiwa. Ubongo na moyo ndivyo vinavyoumia kwanza. Mtu anapata kichwa kizito, kizunguzungu, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na hofu asiyojua inatoka wapi, na wapo wanaosikia sauti au kuhisi kuna mtu chumbani. Watoto huathirika haraka kwa sababu wanapumua kwa kasi kuliko sisi. Mjamzito naye yumo hatarini, yeye na aliye tumboni. Ukitoka kwenye hewa safi, nusu ya sumu hiyo huchukua kama saa nne hadi sita kuondoka mwilini, na ndiyo maana nadhani kufikia saa tano au saa sita mchana, mkiwa uwanjani, mnajiona wazima na kusema mzimu ni wa usiku.

Jambo hili lina kisa maarufu katika vitabu vya udaktari. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyohamia kwenye nyumba kubwa ya zamani. Walisikia nyayo usiku, waliona watu wasiowafahamu, walihisi kufuatwa, na watoto wao walipauka na kudhoofika. Mwishowe ikagundulika kwamba tanuru la kupasha joto nyumba lilikuwa bovu, linarudisha hewa yake ndani badala ya kuitoa nje. Lilipotengenezwa, nyumba ikatulia. Familia ile haikuwa na wendawazimu wala uongo. Walichokisikia walikisikia kweli, kwa ubongo uliokuwa unakosa oksijeni.

Naomba ulione hili vizuri, kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi katika barua yako. Mliogopa, mkafunga madirisha. Mlipofunga, sumu ikaongezeka, na hofu ikazidi. Mkashauriwa kufukiza, mkaongeza makaa. Ningekuwa nimeletewa barua hii wiki mbili baadaye huenda ingekuwa ya msiba. Kila majira ya baridi katika nchi yetu kuna familia zinazokutwa zimelala moja kwa moja, mlango umefungwa kwa ndani na jiko liko katikati ya chumba, na majirani husema wamerogwa.

Leo mchana wapeleke watoto na mama mkwe kituo cha afya, hasa huyo anayetapika. Ukifika, usianze na habari za mzimu. Mwambie mganga wa zamu hivi: tumelala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, tuna siku kadhaa. Sentensi hiyo ni muhimu kwa sababu kile kipimo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hudanganyika katika sumu hii, kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati mgonjwa yuko taabani. Na ikitokea usiku mmojawenu haamki vizuri au anazungumza ovyo, mtoeni nje kwanza, kisha tafuteni usafiri.

Kuhusu baridi nakuelewa. Juni na Julai huko kwetu joto la usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo hauna huruma. Oteni moto jikoni au uani kabla ya kulala, mkiingia muongeze mablanketi, watoto walale pamoja, na mama mkwe mpe chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwenye khanga aiweke miguuni.

Huyo anayetembea juu ya bati hana uhusiano na jiko, na ndiyo maana mumeo anamsikia. Mchana jua la kiangazi linalichoma bati mpaka huwezi kuligusa, nalo linatanuka. Jua likizama, anga la Dodoma halina mawingu ya kuzuia joto, bati linapoa ghafla na kusinyaa. Linavuta misumari, linasugua papi na kenchi, na linafanya hivyo sehemu kwa sehemu, kwa hiyo mlio unaanzia upande mmoja wa nyumba na kuishia upande wa pili kama hatua za mtu. Sikiliza saa zake: utakuta ni jioni baada ya machweo na asubuhi jua linapochomoza. Ulioko katikati ya usiku mara nyingi ni upepo, au panya. Wazee waliokulia ndani ya tembe hawakuyajua makelele haya, maana paa la udongo linapokea joto polepole na kuliachia polepole. Mama mkwe kama aliishi kwenye tembe miaka mingi, nyumba ya bati ni ngeni masikioni mwake, na sasa anaisikia peke yake bila mwenzake.

Anayekoroma darini namdhania bundi, yule mwenye uso mweupe kama sahani, anayependa kukaa kwenye dari na maghala. Makinda yake hulia kwa mkoromo mrefu wa kuburuta, usiku kucha, wakidai chakula. Mzazi akiruka hasikiki hata kidogo, kwa sababu manyoya ya mbawa zake yameumbwa yasikate hewa kwa kelele, na akipita dirishani usiku unaona weupe tu. Mchana zunguka nyumba ukitazama chini ya pembe za paa. Ukikuta ukuta umechirizika kinyesi cheupe, na chini yake kuna vidonge vyeusi vyeusi, kivunje kimoja kwa kijiti mbele ya watoto: ndani utakuta manyoya na vifupa vya panya, mara nyingine fuvu zima dogo. Huyo ndiye mgeni wenu. Msimuue. Anakula panya ambao wangemaliza mahindi na mtama wa mama mkwe. Makinda wakiisha kuruka, zibeni tundu kwa wavu. Najua bundi anaogopwa, na pwani hata degedege la watoto husingiziwa ndege wa usiku, lakini mtoto mwenye homa anayetetemeka au kuweweseka anahitaji kupimwa malaria siku hiyohiyo, ndege awepo asiwepo. Na mkisikia kitoto kinalia porini kwenye migunga, huyo ni komba.

Lililokupata wewe la kukaliwa kifuani lina jina la siku nyingi, jinamizi, na nimelisikia kwa wagonjwa wa kila dini na kila elimu. Tunapoota, ubongo huifunga misuli ili tusirushe mikono na miguu tukafuata ndoto. Mara chache akili huzinduka kabla misuli haijafunguliwa. Macho yanaona chumba, sikio linasikia, mwili umekataa, pumzi inaonekana nzito, na ndoto iliyobaki inajaza chumba kwa mtu. Huchukua sekunde kadhaa, au dakika moja au mbili, ingawa mwenyewe ungeapa ni saa nzima. Huja zaidi kwa asiyelala vya kutosha, mwenye mawazo, aliyefiwa, anayelala chali. Mwaka 1995 Pemba na Unguja walikesha nje kwa hofu ya Popobawa, jini lililosemekana kuvamia watu usiku, na masimulizi mengi ya wakati ule yanafanana sana na haya yako: kuamka, kutoweza kusogea, uzito kifuani. Likikupata tena usipigane nalo. Vuta pumzi taratibu na jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu. Lala ubavu. Na ulipe usingizi unaodaiwa, hata mchana, mtu mwingine akiangalia watoto.

Kwa mtoto aliyemwona babu, kwanza nataka nihakikishe mwili wake. Jiko tumeshalisema, homa pia. Liko la tatu ambalo wazazi wa mjini hawalijui: mnanaha. Ni mmea unaoota kwenye majalala na mazizi ya zamani, una maua meupe marefu kama tarumbeta na tunda la kijani lenye miiba, na mbegu zake watoto huzichezea na kuzila. Aliyeula mdomo unakauka, ngozi inakuwa ya moto, mboni za macho zinatanuka, na anazungumza na watu wasiokuwepo. Mtoto wa namna hiyo ni wa kukimbizwa hospitali. Kama wako anakula, anacheza, anasimulia kwa utulivu kwamba babu alikuwa mlangoni, basi hilo ni jambo lingine.

Hilo lingine ni majonzi. Mwaka 1971 daktari wa Wales, Dewi Rees, alichapisha utafiti wake juu ya wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walisema wamewahi kumhisi mwenzi wao yupo, au kumwona, au kumsikia, au kuzungumza naye, na wengi walisema kunawafariji. Wengi pia hawakuwahi kumwambia mtu, kwa kuogopa kuchekwa. Kwa hiyo mama mkwe anapomjibu marehemu usiku, usikimbilie kusema amerukwa na akili. Wameishi nyumba moja miaka mingapi? Mazungumzo hayakatiki siku ya mazishi. Kaa naye jioni umuulize walikutanaje, alipenda chakula gani, aligomba kwa mambo gani. Nitaanza kuwa na wasiwasi kama ameacha kula, amekonda, anasema anataka kumfuata mumewe, au sauti inamwamrisha ajidhuru. Hapo aletwe hospitali ya wilaya, na ikibidi atapewa rufaa ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, ambako wanatibiwa watu wa kila aina na wanarudi makwao.

Mtoto naye usimchape, usimwite mwongo, wala usimjaze maswali ya mganga. Muulize: babu alikuwaje? Alikuwa amekasirika? Watoto wengi watakujibu alikuwa amekaa tu. Mwambie babu amefariki, mwili wake uko kaburini, na kumkumbuka hadi kumwona ni jambo linalowapata watu wanaopendana. Mpeleke kaburini mchana, apalilie, aweke ua. Kama ukoo una ibada ya kumkumbuka marehemu, kanisani au kwa mila, na bado haijafanyika, ifanyeni. Mimi ni daktari, sina kipimo cha mizimu na siwezi kukuandikia cheti kwamba ipo au haipo. Ninachokijua ni kwamba familia iliyomzika mtu wake vizuri na kumtaja bila woga hulala usingizi mzuri zaidi.

Hukuandika kama kuna mahame karibu, yaani makazi ya zamani yaliyohamwa, lakini vijiji vingi vya huko vina mahame, na siku za likizo watoto huambiwa wasipite hapo magharibi. Nakushauri uwaulize wazee habari zake. Ugogo, nchi ya Wagogo mliko, ilipitiwa na njaa kuu ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ya Wajerumani kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua ikakosekana. Maelfu walikufa, wengine njiani, bila wa kuwazika. Halafu Operesheni Dodoma ya 1970 hadi 1971 ikawahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, na makazi ya zamani yakabaki na makaburi yake, mawe ya kusagia na mibuyu. Wazee wanaposema pale pana watu, wanazungumza juu ya watu waliokuwepo kweli. Mtoto akisimuliwa hayo mchana anajifunza heshima. Akitishwa nayo usiku anajifunza kukojoa kitandani.

Nimeacha la lambalamba karibu na mwisho lakini kwa uzito ni la pili baada ya jiko. Usitoe mchango. Mumeo asitoe, na amwambie hivyo yeyote atakayepita nyumba kwa nyumba, kwa sauti ya mwenye msiba, kwa sababu maneno ya mtoto wa marehemu yana uzito kuliko yangu na yako. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo tangu 1928, na kumtuhumu mtu kwamba ni mchawi ni kosa. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji mapema, mkiwa wawili, mkaeleze kwamba kuna bibi anatajwa. Msingoje hadi pesa itimie. Vikongwe wameuawa katika nchi hii, hasa kule Usukuma, kwa ushahidi wa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka hamsini ya kuwapikia wengine. Huyo bibi ana jina, ana wajukuu, na nina hakika alikuja kwenye msiba wa baba mkwe wako akakaa kwenye mkeka na wenzake. Nenda kamsalimie. Nenda mchana, watu wakuone, peleka unga au sukari, na keti kidogo. Kijiji kikiona wafiwa wenyewe wanaingia kwake, vijana watapungukiwa na la kusema.

Umeuliza kama uondoke. Sioni sababu ya kumwacha mama mkwe peke yake likizo ya kwanza baada ya msiba, na watoto wamebakiwa na siku za kuwa naye. Jiko likitoka usiku wa leo, vichwa vinapaswa kupungua kesho au keshokutwa. Andika kwenye daftari nani amelala wapi, nani ameumwa na saa ngapi sauti imesikika. Baada ya usiku wa tatu bila moto wowote ndani, kama bado kuna anayeamka na kichwa au kutapika, rudini hospitali na daftari hilo, maana hapo tutakuwa tunatafuta ugonjwa mwingine. Na jirani aliyewashauri kufunga madirisha, mwambie naye habari ya mkaa, kwa upole. Huenda jiko lake liko chumbani wanakolala wajukuu.